Sumaku Huvuta Nini, Husukuma Nini?

Wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Nami naongeza: hata vyote vinavyokataa sumaku si dhahabu! Nasema hivi kwa sababu wako matapeli wanaozunguka na pete mfukoni na sumaku mkononi. "Tazama, haivutwi! Hii ni dhahabu tupu!" Mnunuzi anatoa pesa zake, kumbe kauziwa shaba. Hebu tuone ujanja huo umejificha wapi.

Wengi wetu hudhani sumaku huvuta kila metali. La hasha! Katika metali tuzijuazo, zinazovutwa kwa nguvu ni tatu tu: chuma, nikeli na kobalti. Dhahabu, fedha, shaba, risasi na aluminiamu hazitikisiki. Mimi nimejaribu jikoni kwa sumaku ya spika ya redio mbovu. Sufuria ya aluminiamu ilikataa katakata. Mkebe wa maziwa ya unga ulinasa mara moja kwa kuwa bati limepakwa juu juu tu. Chini yake ni chuma.

Kwa nini chuma? Ndani yake mna vikundi vidogo sana, na kila kikundi ni kama sumaku ndogo. Kwa kawaida vikundi hivyo huelekea huku na huku, nguvu zao zikafutana. Ukileta sumaku karibu, vinajipanga kama sisi kwenye paredi ya asubuhi. Upande wa msumari ulio karibu na ncha ya kaskazini huwa kusini, na ncha zisizofanana huvutana. Ukileta ncha ya kusini, vikundi vinageuka upya. Ndiyo maana msumari wa kawaida huvutwa na ncha zote mbili, wala hausukumwi na yoyote.

Hapo ndipo watahiniwa wengi huteleza. Wakiulizwa watajuaje kama kipande cha chuma ni sumaku, hujibu, "Kikivutwa." Bure kabisa! Hata msumari huvutwa. Ushahidi ni kusukumwa, kwa sababu ncha zinazofanana ndizo husukumana, na chuma cha kawaida hakina ncha zake za kudumu. Chukua sumaku mbili za spika, uziweke uso kwa uso. Zikishikana, geuza moja, kisha ujaribu kuzikutanisha tena. Utaona zinavyokataana!

Sasa turudi kwa ile pete. Sumaku ikiivuta, ujue mna chuma au metali nyingine ya jamii hiyo ndani yake. Si dhahabu safi. Isipoivuta, bado hujajua: huenda ni dhahabu, huenda ni shaba. Sumaku yaweza kumuumbua mwongo, lakini haiwezi kumthibitisha mkweli.

Basi, wanachama wenzangu, ukikutana na muuzaji wa namna hiyo, mwambie mwende kwa sonara kwanza. Akikataa, shika pesa zako, ushike na njia yako.