Geji ikidanganya, pointi zinaenda mezani
Timu ya Mugumu ikipanda Land Rover 109 ya zamani kwenda kucheza Tarime, mpinzani wa kwanza ni barabara ya Nyamongo. Injini ikichemka njiani, pointi zinapotea mezani.

Geji zikianza kuyumba, wengi hukimbilia kununua mpya. Taratibu! Kwenye Series III, geji ya mafuta na ya joto hulishwa na kidude kimoja nyuma ya dashibodi, kinachoshusha umeme hadi volti 10. Zikidanganya zote mbili, kagua kidude hicho na waya wake wa ethi. Ikidanganya moja, kagua senza yake, kwenye tangi au injini. Spidomita ikilala, anza na kebo inayotoka giaboksi.

Usimtoe kipa kwa makosa ya beki.