Samira Makhmalbaf: Siku 11 dhidi ya Miaka 11

Kwa kuanza mapema na kwa kasi, waongozaji wa filamu wanaomkaribia binti huyu wa Tehran, aliyezaliwa mwaka 1980, ni wachache mno. Hesabu ni hizi.

1. Umri mdogo
Alipoongoza filamu yake ndefu ya kwanza, Tufaha, alikuwa na miaka 17. Umri wa kidato cha nne! Mwaka uliofuata, 1998, akaipeleka Cannes, Ufaransa, na katika orodha rasmi ya tamasha mwaka ule hapakuwa na mwongozaji mdogo kuliko yeye.

2. Kasi
Funga kumi la kwanza la Ramadhani, ongeza siku moja: picha zote za Tufaha zimeshapigwa. Siku 11 tu. Habari yenyewe ilikuwa ya moto. Wasichana mapacha wa Tehran walikuwa wamefungiwa ndani na baba yao kwa takriban miaka 11, mpaka majirani wakawashitakia ustawi wa jamii. Pima muda huo: darasa la kwanza hadi kidato cha nne, bila kukanyaga mtaani. Samira aliwafuata siku chache baada ya habari kutangazwa, na waigizaji hakuwatafuta mbali. Baba, mama asiyeona na mapacha wenyewe waliigiza maisha yao. Baba yake Samira, Mohsen, naye mwongozaji mashuhuri, aliandika na kuhariri. Kuna mahali afisa ustawi wa jamii anamfungia yule mzee ndani ya nyumba yake, kisha anampa msumeno akate nondo za mlango wake mwenyewe. Mzee anakata, binti zake wako nje wanaujua mtaa. Katika kazi zake zote sijaona tukio linalolifikia hilo kwa uzito.

3. Mzigo
Katika Ubao (2000), walimu wa Kikurdi wanazunguka milima ya mpaka wa Iran na Iraq wakisaka wanafunzi, kila mmoja na ubao wake mgongoni. Ubebe ule wa darasani kwenu, upande nao Uluguru! Njiani ubao unageuka machela, unakatwa kipande cha kufungia mguu uliovunjika, unakuwa hata mahari.

4. Pengo la miaka
Ubao ukapata Tuzo ya Jopo la Waamuzi Cannes, sawia na filamu ya Roy Andersson wa Sweden. Yeye miaka 57, Samira 20. Pengo la miaka 37, baba na kitinda mimba wake.

5. Marudio
Mwaka 2003, akiwa na miaka 23, akaibeba tuzo ile ile kwa filamu aliyoipigia Kabul. Jina lake? Saa Kumi na Moja Jioni. Kwa saa zetu, 11 nyingine!

6. Rekodi asiyoishika
Ya udogo, nyumbani kwao. Mdogo wake, Hana, alionyesha filamu fupi kwenye tamasha la Locarno, Uswisi, mwaka 1997. Alikuwa na miaka 8.