Shahada ya Udaktari wa Uuguzi wa Utendaji: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Katika Kiswahili neno "daktari" lina maana mbili. Huitwa daktari yule anayetibu wagonjwa, na huitwa daktari yule aliyefikia ngazi ya juu kabisa ya elimu ya chuo kikuu, hata kama ujuzi wake ni wa udongo au wa fasihi. Muuguzi anayesomea nchini Marekani shahada ijulikanayo kwa herufi DNP husimama katikati ya maana hizo. Shahada yake ni ya udaktari, naye kazi yake ni kuhudumia wagonjwa. Lakini si shahada hiyo inayompa ruhusa ya kuwahudumia. Ruhusa hutoka katika leseni ya jimbo, na leseni ina masharti yake. Wauguzi waliolipa ada kubwa bila kuitambua tofauti hiyo ndio waliofanya makala haya yaandikwe.

Yaliyomo humu yanawahusu wauguzi wasemao Kiswahili waishio Marekani, pamoja na wale walioko Afrika Mashariki wanaopokea matangazo ya vyuo vya huko na kutafakari kama wajiunge.

Shahada hii ilitoka wapi

Programu ya kwanza ya DNP ilianzishwa na University of Kentucky mwaka 2001. Oktoba 2004, chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani, kifahamikacho kwa kifupi AACN, kilipendekeza kwamba elimu ya wauguzi wa ngazi ya juu ihamishwe kutoka uzamili hadi udaktari ifikapo mwaka 2015. Mwaka huo ulifika na ukapita. Mwaka 2018 chama cha walimu wa wauguzi watabibu, NONPF, kilitoa wito wa namna hiyo hiyo kwa kuulenga mwaka 2025. Wito, hata uwe wa heshima kiasi gani, si sheria. Muuguzi mtabibu bado hupata leseni kwa shahada ya uzamili.

Kundi moja ndilo lililobadilishiwa sharti kwa dhati, nalo ni la wauguzi wa dawa za usingizi. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kila anayeanza masomo ya fani hiyo katika chuo chenye ithibati huingia moja kwa moja katika programu ya udaktari. Kwa hiyo, mshauri wa udahili akikuambia kwa simu kwamba "sasa ni lazima DNP", muulize ni kwa fani ipi na kwa kanuni ipi. Kama jibu si dawa za usingizi, omba alithibitishe kwa maandishi.

Shahada hii haipaswi kuchanganywa na ile ya uzamivu, yaani PhD. Anayesoma uzamivu hufunzwa kuzalisha maarifa mapya na huandika tasnifu. Anayesoma DNP hufunzwa kuyachukua maarifa yaliyokwisha kuthibitishwa na kuyatia kazini: hufanya mradi mahali pa huduma, kwa mfano kupunguza vidonda vya kulalia katika wodi moja, au kurekebisha namna wagonjwa wa kisukari wanavyofuatiliwa baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kisha hupima kama mabadiliko hayo yamezaa matunda. Zote mbili ni njia za heshima. Hata hivyo, milango zinayoifungua si ile ile.

Shahada si leseni

Kuna kazi nne za uuguzi wa ngazi ya juu zinazotambuliwa nchini Marekani: muuguzi mtabibu, ambaye huchunguza, hutambua ugonjwa na kuandika dawa, muuguzi wa dawa za usingizi, muuguzi mkunga, na muuguzi bingwa wa eneo fulani la tiba. Ili kufanya mojawapo, mtu hupitia hatua tatu zisizorukwa. Kwanza, amalize programu iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo na kwa kundi fulani la wagonjwa, kama vile familia, watoto, watu wazima na wazee, au afya ya akili. Pili, afaulu mtihani wa taifa wa kazi hiyo na kundi hilo. Tatu, apewe leseni na Baraza la Uuguzi la jimbo atakakofanya kazi.

Zipo programu nyingi za DNP zisizogusa hata hatua ya kwanza kati ya hizo. Huitwa za uongozi, za utawala, za utendaji wa juu au za mifumo ya afya, na hupendwa kwa kuwa husomwa kwa mtandao na huisha mapema. Kwa muuguzi anayetaka kuongoza idara au hospitali zina manufaa yake. Kwa anayetaka kuona wagonjwa na kuwaandikia dawa, hazimfikishi huko.

Tuchukue mfano. Muuguzi mwenye uzamili wa uongozi anaona tangazo la DNP ya miezi 18. Anajiunga, anahitimu kwa alama nzuri, jamaa zake wanamfanyia sherehe na kumwita daktari. Wiki inayofuata anaomba kufanya mtihani wa muuguzi mtabibu wa familia, naye anakataliwa, kwa sababu hakusoma fani hiyo wala hana saa za kliniki zinazohitajika. Chuo hakikumdanganya, tangazo halikusema popote kwamba atakuwa muuguzi mtabibu. Ni yeye aliyelisoma neno "udaktari" kwa maana ya kutibu. Sasa analazimika kusomea cheti cha nyongeza baada ya shahada, na kukilipia upya.

Swali la kuuliza chuo, basi, si "Je, mnatoa DNP?" Uliza: "Nikimaliza programu hii, nitastahili kufanya mtihani gani wa taifa, na kwa kundi gani la wagonjwa?" Jibu lipatikane kwa barua au barua pepe, kisha ulilinganishe na masharti yaliyochapishwa na chombo kinachotunga mtihani huo.

Hata baada ya leseni, majimbo hayafanani. Mengine humruhusu muuguzi mtabibu kufanya kazi peke yake, mengine humtaka awe na mkataba na daktari. Juu ya jina lenyewe pia kuna mipaka: huko California, kwa mfano, sheria hubana matumizi ya "Dr." mbele ya jina katika huduma za afya kwa asiye na leseni ya udaktari wa tiba. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kuagiza kitambulisho kipya.

Ithibati, na chuo kilicho mbali

Chuo kinaweza kuwa na ithibati ilhali programu yake ya uuguzi haina. Vyote viwili huhitajika. Kwa programu za uuguzi vyombo vya ithibati ni CCNE, ACEN na CNEA, na kila kimoja huchapisha orodha ya programu kilizozikubali. Tafuta jina la chuo katika orodha hiyo, usilitafute katika kipeperushi cha chuo. Maneno kama "tumeomba ithibati" hayana uzito wa ithibati, kwa kuwa mwenye kuchelewa kuipata ni chuo, lakini mwenye kukosa mtihani ni mwanafunzi.

Hatari ya upande huu si ya kufikirika. Januari 2023, serikali kuu ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika mpango wa kuuza zaidi ya vyeti 7,600 vya uuguzi vilivyotolewa kwa udanganyifu na shule tatu za Florida. Vile vilikuwa vyeti vya ngazi za chini ya DNP, lakini tabia ya soko ni ile ile: panapokuwa na watu wengi wanaotaka cheti haraka, hapakosi wa kuwauzia.

Kwa masomo ya mtandaoni kuna jambo la pili. Chuo kilichoko jimbo moja kinapomfundisha mwanafunzi aliyeko jimbo jingine, hutakiwa kumjulisha kama programu hiyo inakidhi masharti ya leseni ya jimbo la mwanafunzi. Taarifa hiyo huwekwa katika tovuti ya chuo, mara nyingi mahali pasipoonekana kwa urahisi. Itafute, uichapishe, uiweke. Ukihama jimbo katikati ya masomo, iombe tena, maana kibali cha chuo hakikufuati unakokwenda.

Msomaji aliye Afrika Mashariki ajue pia kwamba programu ya mtandaoni haimpi viza ya mwanafunzi ya F-1. Kanuni za viza hiyo humruhusu mwanafunzi kuhesabu somo moja tu la mtandaoni kwa muhula katika masomo yake ya muda wote.

Saa za kliniki na nani atakusimamia

Mwongozo wa AACN wa mwaka 2006 uliweka kwa DNP kiwango cha chini cha saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo baada ya shahada ya kwanza. Viwango vya taifa vya mwaka 2022 kwa programu za wauguzi watabibu vinataka saa zisizopungua 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Namba hizi zikae kichwani kwa sura ya wiki, si ya karatasi. Anayeweza kutoa siku mbili za saa 8 kila wiki atahitaji karibu wiki 47 kutimiza saa 750. Kwa kawaida saa hizo hazilipwi, na zamu za kazini hazihesabiwi ndani yake.

Nani atakutafutia mahali na mtaalamu wa kukusimamia? Hapa ndipo wengi hukwama. Vyuo vingine vina mikataba na hospitali na humpangia kila mwanafunzi. Vingine humwachia mwanafunzi agonge milango mwenyewe, na wapo waliolazimika kuwalipa mawakala au kuahirisha muhula kwa kukosa msimamizi. Aliyehamia nchi hiyo hivi karibuni, asiye na marafiki wa zamani katika kliniki za mji wake, huumia zaidi. Pima jambo hili kwa uzito ule ule wa ada.

Fedha

Anayetoka shahada ya kwanza moja kwa moja hadi DNP husoma krediti zipatazo 70 hadi 90, kwa miaka mitatu au minne ya muda wote. Aliye na uzamili husoma krediti chache zaidi. Tuseme programu ina krediti 75, na kila krediti ni dola 900: ada ni dola 67,500, kabla ya vitabu, bima, vifaa na safari za kwenda chuoni kwa vipindi vya ana kwa ana. Ongeza mshahara utakaoukosa: anayepunguza zamu tatu za wiki kuwa mbili amepoteza theluthi ya kipato chake.

Mikopo nayo imebadilika. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 iliwafungia wakopaji wapya mkopo wa serikali kuu uitwao Grad PLUS kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Ukomo wa kawaida kwa masomo ya juu ya shahada ya kwanza ni dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla; programu zinazohesabiwa kuwa za taaluma maalumu zina ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Usidhani kwamba programu yako imo katika kundi la pili kwa kuwa tu inaitwa udaktari. Katika mfano wetu, miaka mitatu ya dola 20,500 ni dola 61,500. Ada peke yake imeshauzidi mkopo kwa dola 6,000. Pengo la namna hiyo ndilo hupelekea watu kwenye mikopo ya binafsi yenye riba isiyo na huruma.

Mwajiri anaweza kusaidia, na msaada wa masomo usiozidi dola 5,250 kwa mwaka unaweza kutolewa bila kutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Soma mkataba wake: mara nyingi hudai ubaki kazini miaka kadhaa, la sivyo urudishe fedha.

Ukiacha muhula ukiwa na mkopo wa serikali kuu kabla ya kufikia asilimia 60 ya muda wake, sehemu ya fedha hurudishwa kwa serikali, na chuo kinaweza kukudai wewe pengo linalobaki. Angalia tarehe hiyo katika kalenda kabla ya kuandika barua ya kujitoa.

Kwa anayekusudia kurudi nyumbani

Nchini Tanzania utambuzi wa shahada za nje hufanywa na Tume ya Vyuo Vikuu, na leseni ya uuguzi hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kazi ya muuguzi mtabibu wa Kimarekani hailingani moja kwa moja na kada za nyumbani, ambako matabibu na madaktari ndio huchunguza na kuandika dawa. Na anayetaka kufundisha chuo kikuu akiulize chuo hicho, kabla ya kuanza masomo, kama DNP itapokelewa panapotakiwa uzamivu.

Mgogoro ukitokea

Lalamika kwanza kwa chuo, kwa maandishi, ukitaja tarehe na jina la uliyezungumza naye. Usiporidhika, peleka lalamiko kwa mamlaka ya elimu ya juu ya jimbo kilipo chuo na kwa chombo kilichokipa ithibati. Penye udanganyifu, peleka pia kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Utaombwa ushahidi. Siku ya kujiandikisha, pakua na uhifadhi kitabu cha mwongozo wa chuo cha mwaka huo, ratiba ya ada, na barua pepe zote za udahili. Kurasa za tovuti hubadilishwa, na ukurasa ulioahidiwa kwao unaweza usiwepo utakapouhitaji.