Maji ya Matunda Ni Mazuri, Lakini Umechanganya na Maji Gani?

Msimu wa machungwa ukifika huko Muheza, mkoani Tanga, machungwa hupangwa kando ya barabara yakingoja wanunuzi. Ndivyo ilivyo katika vijiji vingi vyenye miti ya matunda. Kuuza si vibaya. La kusikitisha ni kwamba fedha hiyo hiyo huwanunulia watoto soda, ambayo ni maji na sukari. Chungwa lina vitamini C, inayosaidia vidonda kupona na fizi kuwa imara. Na pera, ambalo watoto huliokota njiani, lina vitamini hiyo nyingi kuliko hata chungwa.

Basi kamua matunda, lakini angalia maji unayochanganyia. Maji mabichi ya kisima au ya mto hayawi safi kwa kuwa yametiwa embe na kuwa matamu. Mtoto akiyanywa anaweza kuhara, na kuhara humkausha upesi hata akafa. Chemsha maji mpaka yatokote, yafunike yapoe. Nawa mikono kwa sabuni, osha matunda kabla ya kuyakata, osha na chujio. Kamua ya kunywa wakati huo huo, maana yakilala huchacha. Sukari usitie.

Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe maji ya matunda, hata kijiko kimoja. Maziwa ya mama yanamtosha. Akitimiza miezi sita, mpondee papai bivu. Maji ya matunda yangoje mpaka avuke mwaka mmoja. Hata kwetu watu wazima tunda zima ni bora. Bilauri moja huweza kumaliza machungwa matatu, na sukari yake huingia mwilini haraka. Mwenye ugonjwa wa kisukari alifikirie hilo.

Mboga je? Karoti hukamulika, ingawa ikipikwa kwa mafuta kidogo huupa mwili vitamini A zaidi. Lakini majani ya muhogo yasikamuliwe mabichi, hata ukiambiwa yanaongeza damu. Kisamvu kibichi kina sumu. Lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri. Anayetaka kuongeza damu ale maharage na mchicha, akamulie ndimu juu yake, kwani vitamini C huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo. Chai asinywe pamoja na chakula hicho. Mama mjamzito, pamoja na hayo, asiache vidonge anavyopewa kliniki.