Je, Wajua? Kitenzi Chenye Maana 645

Je, wajua kwamba kuna mtu aliyetumia miezi tisa kuchunguza neno moja lenye herufi tatu? Neno lenyewe ni "run", lile ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi huambiwa kuwa ni "kimbia", mambo yakaishia hapo. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa ile kamusi kubwa ya Kiingereza inayotayarishwa Oxford, ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Alipotua mzigo alikuwa ametenganisha maana 645, na hizo ni za kitenzi peke yake, nomino haimo. Magazeti yaliitangaza habari hiyo mwaka 2011.

Ubingwa huo umepita mikononi mwa wengi. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake London mwaka 1755, kitenzi kilichomtesa kilikuwa "take": maana 134 zilizojaza kurasa tano. Toleo la pili la kamusi ya Oxford, lenye juzuu 20, lilipotoka mwaka 1989, taji lilikuwa kwa "set" na maana zake 430. Maelezo yake yalichukua maneno yapata 60,000, ambayo yangetosha riwaya. Kisha wahariri wakaanza kuipitia kamusi upya, na badala ya A wakaanzia kwenye M. Ndiyo maana "make" iliipita "set" mwaka 2000, "put" ikafuata mwaka 2007, na hatimaye "run". Mashindano haya kwa hiyo yana ujanja ndani yake, kwani anayeongoza ni yule ambaye kalamu ya mhariri imekwisha kumfikia.

Lakini maana zote hizo zinatoka wapi? Maji ya mto, kwa Mwingereza, "run". Pua ya mwenye mafua nayo vilevile. Nguo mpya ikichuja kwenye beseni, rangi yake "runs". Mwenye duka "runs" duka lake, ingawa kutwa nzima ameketi nyuma ya kaunta. Ukuta "runs" kandokando ya barabara bila kutikisika. Ugonjwa ukiwa wa kurithi, "runs" katika ukoo. Mhariri wa gazeti akiamua kuichapa makala, "runs" makala hiyo. Na tamthilia ikiwa bado inaonyeshwa, basi "is running": The Mousetrap ya Agatha Christie imekuwa ikifanya hivyo London tangu Novemba 1952, ikisimama tu wakati wa janga la korona.

Mwandishi Simon Winchester, ambaye ameandika vitabu juu ya historia ya kamusi hiyo, anaona kwamba kilichoipa "run" nguvu ni mashine. Hoja yake ina uzito. Kabla ya enzi ya mvuke, vilivyokimbia vilikuwa hasa watu, wanyama na maji. Baadaye zikaja treni zenye ratiba, viwanda, jenereta, na mwishowe kompyuta na programu zake, na kila kilichofanya kazi kwa mtiririko usiokatika kikapewa kitenzi kilekile. Injini ya gari lililoegeshwa ikiwa inanguruma tu, "is running", ijapokuwa gurudumu halijasogea hata inchi moja.

Kuna matumizi mengine ya kuchekesha kidogo. Wateja wakiingiwa na hofu na kwenda kwa wingi kutoa fedha zao, Waingereza husema kuna "run" kwenye benki. Hilo lilitokea Uingereza Septemba 2007, benki ya Northern Rock ilipoomba msaada wa dharura kutoka Benki Kuu. Picha zilizozunguka dunia zilionyesha watu wamepanga foleni barabarani saa nyingi, kimya, kwa adabu ya Kiingereza, wala hakuna aliyekuwa akikimbia. Na kwenye uchaguzi, Mmarekani anayetaka urais hukimbia, maana kitenzi chao ni "run", ilhali Mwingereza anayetaka ubunge husimama, kwa kuwa kule husema "stand". Sisi hatukimbii wala hatusimami, sisi hugombea, na kwa kuwa kitenzi hicho ni ndugu wa damu wa ugomvi, nadhani ndicho chenye ukweli zaidi kati ya vyote vitatu.

Chanzo kingine kiko mbali zaidi, katika Kiingereza cha kale. Wakati huo vitenzi vilikuwa viwili: "rinnan", kukimbia au kutiririka, na "ærnan", kukifanya kitu kikimbie, kwa mfano farasi. Karne zilivyopita matamshi yakasogeleana, miisho ikapukutika, na viwili vikawa kimoja. Ni kana kwamba sisi tungepoteza tofauti ya "kimbia" na "kimbiza" tukaanza kusema "amekimbia farasi", msikilizaji akaachiwa atambue mwenyewe nani alitoka mbio. Kiswahili kimehifadhi silabi hizo za mwisho, na ndizo zinazotupa kimbilia, kimbiza na kimbizana. Kiingereza kilizipoteza, kikajazia kwa vijineno vya kufuatia. "Run out" ni kuishiwa. "Run over" ni kumgonga mtu na gari, au kikao kupitiliza muda. "Run into" yaweza kuwa kukutana na rafiki kwa bahati au kugonga mti, na anayejifunza lugha hana budi kusubiri sentensi iishe ndipo ajue kama acheke au atoe pole.

Tusiwacheke sana, hata hivyo. Mgeni anayejifunza Kiswahili hukutana na "piga", akaambiwa watu hupiga pasi, kura, mswaki, hodi, magoti, chafya na mbizi, na hakuna aliyeumia.

Je, wajua pia kwamba vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza, "be", "have", "do", "say", "get", "make", "go", "know", "take" na "see", vyote havifuati kanuni katika wakati uliopita? Hakuna hata kimoja kinachoridhika kuongezewa "-ed" kama vingine. Kinachosikika kila siku hukaririwa na watoto kabla hawajaijua kanuni, kwa hiyo kanuni haipati nafasi ya kukinyoosha. "Go" ndiyo mkorofi kupita wenzake. Wakati wake uliopita, "went", si wake kabisa: ulikuwa wa "wend", kitenzi kingine chenye maana ya kushika njia. "Wend" iliyonyang'anywa ikalazimika kutafutiwa "wended", na siku hizi hukutani nayo ila kwa nadra, zaidi vitabuni.