Mashimo uani: Mjue mwenye shimo kabla ya kununua sumu

MWENYE nyumba anapoamka asubuhi na kukuta udongo mpya umerundikwa kando ya msingi, jambo la kwanza analolifikiria ni nyoka, na la pili ni sumu. Katika miji kama Dar es Salaam na Morogoro sumu hiyo haiko mbali. Wachuuzi hupita mitaani na vipaza sauti wakinadi dawa ya panya, mende na kunguni, na katika maduka ya pembejeo kuna vidonge vya kuhifadhia mahindi ambavyo baadhi ya watu huvitumbukiza shimoni wakiamini kwamba hakuna kiumbe kitakachotoka humo kikiwa hai.

Imani hiyo ina ukweli wa kutisha. Februari 2010, katika mji wa Layton, jimbo la Utah nchini Marekani, watoto wawili wa kike wa familia moja walifariki dunia baada ya mfanyakazi wa kampuni ya kuangamiza wadudu kuweka vidonge vya fosfidi ya alumini katika mashimo ya panya wadogo wa majanini, karibu na nyumba yao. Watoto hao hawakula sumu wala kuishika. Gesi iliyotoka shimoni ndiyo iliyoingia ndani ya nyumba. Mwaka huohuo Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo, EPA, lilipiga marufuku matumizi ya vidonge hivyo kwenye mashimo yaliyo katika maeneo ya makazi.

Kemikali hiyohiyo ndiyo iliyomo katika vidonge vingi vya kufukizia nafaka vinavyouzwa Afrika Mashariki. Ikikutana na unyevunyevu, hata ule wa kawaida wa udongo, hutoa gesi iitwayo fosfini, ambayo haina dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. Hupita kwenye udongo uliolegea, kwenye nyufa za sakafu na pembeni mwa mabomba. Kwa kuwa panya hupenda kuchimba chini ya msingi, mdomo mmoja wa shimo huweza kuwa uani na njia yake nyingine ikaishia chini ya chumba cha kulala. Katika nyumba za kupanga hali ni mbaya zaidi, maana anayeweka vidonge ni mpangaji mmoja na wanaovuta hewa ni familia nne.

Kabla ya kununua chochote, basi, ni busara kulichunguza shimo lenyewe. Njia rahisi ni kuliziba kidogo jioni kwa karatasi iliyokunjwa au majani makavu. Likikutwa limezibuliwa asubuhi, lina mwenyewe. Likibaki kama lilivyoachwa kwa siku tatu au nne, huenda limekwishahamwa. Aidha, unga au majivu yaliyonyunyizwa mdomoni mwa shimo hueleza mengi: panya huacha alama ndogo za vidole vinne kwa miguu ya mbele na vitano kwa ile ya nyuma, ilhali nyoka huacha mburuzo usio na alama ya mguu.

Mashimo mengi ya mijini ni ya panya wa kawaida. Mdomo wake ni wa mviringo, wenye upana wa sentimita tano hadi tisa, kingo zake zimelainika kwa kupitwa mara kwa mara, na mbele yake huwa na njia nyembamba isiyoota nyasi inayoelekea jalalani, kwenye banda la kuku au kwenye chemba ya choo. Shimo ambalo ngumi ya mtu mzima yaweza kuingia kwa urahisi huenda likawa la panya buku, ambaye uzito wake hufikia kilo moja au zaidi na ambaye ncha ya mkia wake ni nyeupe. Huyu hubeba chakula katika mifuko ya mashavu yake na kukihifadhi chini ya ardhi, na shimo lake huwa na milango kadhaa. (Ndiye panya yuleyule anayefundishwa mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Sifa hizo hazimfariji aliyeng'olewa mihogo yake.)

Vichuguu vidogo vya udongo laini vilivyojipanga mstari, bila tundu lolote lililo wazi, ni kazi ya fuko. Mnyama huyu huchimba kwa meno, na midomo yake hufunga nyuma ya meno hayo ili udongo usiingie kinywani. Hula mizizi, mihogo na viazi, na ni nadra kuonekana juu ya ardhi. Wanaommiminia maji hupoteza bili ya maji bure, kwani mapito yake huweza kufika makumi ya mita. Mtego uliowekwa ndani ya pito lililofukuliwa ndio unaomweza, kwa sababu fuko hurudi kuziba kila palipoingia mwanga.

Vishimo vifupi, visivyozidi kina cha vidole, vilivyotapakaa bustanini usiku mmoja au alfajiri, si makazi ya mtu. Nguchiro au mbwa amekuwa akitafuta wadudu, na kwa kweli amemfanyia mwenye bustani hisani. Karibu na bahari na mikoko, tundu lenye vidonge vya matope pembeni ni la kaa. Katika viwanja vipya pembezoni mwa miji laweza kuonekana shimo kubwa la mhanga au la nungunungu. Hawa ni wanyamapori, na kuwaua bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Wa kuitwa ni ofisa wanyamapori wa wilaya.

Na nyoka? Aghalabu hachimbi. Swila huingia katika mashimo ya panya, koboko hukaa katika vichuguu vilivyoachwa na mchwa, na wote hufuata chakula au kivuli. Maana yake ni kwamba uani palipojaa panya pana sababu ya nyoka kuja, na shimo lolote, hata la zamani, halifai kuingizwa mkono. Kumimina petroli shimoni ili kumtoa ni hatari ya moto, na nyoka akitoka hutokea mlango ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Aliyeumwa atulizwe, asichanjwe wala kufungwa kamba, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa panya, kazi huanza juu ya ardhi. Takataka zifunikwe, pumba za kuku ziondolewe usiku, maembe yaliyoanguka yaokotwe, na rundo la matofali lililosubiri ujenzi kwa miaka miwili lihamishwe. Nyufa zizibwe, maana panya mkubwa hupita mwanya wa takriban sentimita moja na nusu. Mitego yenye dagaa au karanga hufuata, na hapo ndipo shimo lijazwe kokoto na saruji.

Iwapo sumu italazimu, inunuliwe yenye lebo na iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Nyingi za aina ya mabonge huzuia damu kuganda, hivyo panya hufa baada ya siku kadhaa. Mtoto aliyekula aina hiyo ana nafasi ya kuokolewa kwa vitamini K akiwahishwa hospitali pamoja na pakiti yake. Chenga zisizo na jina zinazofungwa kwenye kipande cha nailoni hazimpi daktari pa kuanzia. Chambo kiwekwe ndani ya kisanduku kilichofungwa, mbali na kuku, paka na watoto.

Mizoga nayo ina hatari yake. Julai 2022 ugonjwa ulioitwa homa ya mgunda, unaoenezwa na mkojo wa wanyama wakiwamo panya, uliua watu watatu wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Lushoto nako, tangu mwaka 1980, maelfu waliugua tauni, ambayo viroboto huihamisha kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu. Kiroboto humkimbia panya aliyekufa na kutafuta mwili mwingine wenye joto. Kwa hiyo katika maeneo yenye historia ya tauni viroboto huuliwa kwanza, kisha panya, na panya wengi wakikutwa wamekufa bila kutegwa wala kuwekewa sumu, ofisa afya aarifiwe siku hiyohiyo. Kwingineko mzoga ushikwe kwa glavu, ufukiwe chini sana pasipofukuliwa na mbwa, na udongo wa mdomo wa shimo ulowanishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuzolewa.