Mashine ya Kunolea Iliyojengwa Nyumbani: Sanduku Halileti Kila Kitu



Wafanyakazi wengi wana karakana ndogo nyuma ya nyumba. Mmoja anatengeneza baisikeli na pikipiki, mwingine anachomelea milango ya chuma, mwingine ananoa mapanga na majembe ya majirani. Kazi hizi ni nzuri. Zinaongeza chakula mezani, na ufundi wa kazini haukai bure mtu anapofika nyumbani. Baada ya nyundo na jiliwa, chombo ambacho kila fundi anakitamani ni mashine ya kunolea, yaani ile yenye mawe mawili ya duara, moja kulia, moja kushoto.

Mashine kamili ni ya bei kubwa. Kwa hiyo wengine wananunua vipande kwa sanduku na kuviunganisha wenyewe. Ndani ya sanduku mnakuwa na shafti, rulema zake mbili za kuzungukia, puli, visahani vya chuma vya kubania jiwe, nati, na mara nyingine mawe yenyewe. Mota fundi anaitafuta mwenyewe: ya pampu ya maji, ya mashine ya kufulia, ya mashine ya kusaga unga. Hakuna ubaya katika hilo. Huko Uingereza, katika miaka ya 1970, Profesa Chaddock alichora mashine ndogo ya kunolea vyombo iliyoitwa Quorn, na mafundi wa nyumbani wakanunua vipande vyake vya chuma cha kuyeyushwa ili wavichonge na kuviunganisha kwa miezi mingi. Lakini angalia tofauti. Mwenye kujenga Quorn alilazimika kuwa na mashine ya kukerezea na kupima kila kipande. Sanduku letu linataka spana mbili tu na alasiri moja. Ndiyo sababu watu wanaharakisha.

Tazama tena kilichomo ndani ya sanduku. Kila kitu pale ni cha kuzungusha. Kifuniko cha jiwe hakimo, wala egemeo la kuwekea chombo, wala swichi nzuri, na hakuna mtu aliyepima kama mota yako inafaa kwa jiwe lako. Hayo yote unayaongeza wewe, na usipoyaongeza, basi si mashine bado.

Tuanze na mwendo, kwa sababu ndiyo hatari kubwa kuliko zote na watu hawaipigii hesabu.

Jiwe la kunolea si chuma. Ni chembe ngumu zilizoshikamanishwa kwa udongo uliochomwa, mfano wa chungu cha mpishi. Linapozunguka, kila chembe inavutwa kwenda nje. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kulipasua haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Kwa hiyo mtengenezaji anaandika juu ya karatasi ya jiwe mwendo ambao haupaswi kupitwa. Jiwe la kawaida lenye upana wa sentimita 20 huandikwa mita 35 kwa sekunde, au mizunguko 3340 kwa dakika hivi.

Sasa chukua mota inayozunguka mara 1450 kwa dakika. Fundi anaona ni polepole, basi anaweka puli ya sentimita 20 kwenye mota na puli ya sentimita 8 kwenye shafti ya jiwe. Hesabu yake ni hii: 1450 mara 20, gawanya kwa 8. Jibu ni 3625. Jiwe limekwisha kupita kipimo chake, na kwa macho huoni kitu. Linazunguka vizuri, linanoa vizuri, hata fundi anafurahi. Weka puli ya sentimita 15 mahali pa ile ya 20, utapata mizunguko kama 2700, na hiyo inatosha kabisa kwa panga na patasi. Kama mota yako inazunguka mara 2850, usiweke puli za kuongeza hata kidogo: toa mwendo ule ule.

Wengine wanafanya jambo baya zaidi. Wanachukua ile mashine ya mkononi ya kukatia chuma, wanaifunga kwenye meza, na kuitia jiwe la mezani la sentimita 15. Mashine ile huweza kuzunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa jiwe utakwenda mita 86 kwa sekunde, na nguvu ya kulipasua itakuwa mara sita ya ile liliyotengenezewa. Hapo mimi siwezi kukupa shauri jingine isipokuwa moja: usifanye.

Jiwe la sentimita 20 lenye unene wa sentimita mbili na nusu lina uzito wa karibu kilo mbili. Likipasuka kwa mwendo wake wa kawaida tu, vipande vinaruka kama vitu vilivyotupwa kutoka gari linalokimbia kilomita 100 kwa saa. Na vinaruka kuelekea mahali uso wa mnoaji ulipo.

Kwa hiyo kabla ya kufunga jiwe, lisikilize. Lifute vumbi, likiwa kavu, litundike kwa kidole au kijiti katika tundu lake, kisha ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi, pembeni, karibu na ukingo. Geuza, gonga tena pande nyingine. Jiwe zima linalia kama sahani nzuri ya udongo. Lenye ufa linajibu kwa sauti iliyokufa, nawe hilo ulivunje siku ile ile, maana ukiliweka kando tu, kijana wako atalifunga kesho. Mama anayenunua chungu sokoni anafanya jambo hili hili kila mara, wala hakufundishwa na kampuni. Fanya hivyo hata kwa jiwe jipya. Mizigo inayopanda mto kutoka Kinshasa inatupwa huku na huku kabla ya kufika bandarini.

Jiwe liingie kwenye shafti bila kulazimishwa na bila kucheza. Tundu likiwa dogo, usilipanue kwa tupa. Kila upande wa jiwe pawe na kisahani cha chuma chenye upana usiopungua theluthi moja ya jiwe, visahani viwili vilingane, na kati ya kisahani na jiwe pawe na karatasi ya duara. Watu wanaibandua karatasi ile wakidhani ni tangazo la duka. Si tangazo: inagawanya shinikizo la nati ili chuma kisilitie jiwe ufa. Kaza nati kiasi cha kulishika, usivute kwa bomba refu. Na ukiona nati ya upande wa kushoto inakazwa kinyume, usishangae. Imefanywa hivyo ili mzunguko wa mashine uikaze, usiifungue. Ukizungusha mota kinyume, nati zote mbili zitakuwa zinajifungua wakati wewe unanoa.

Kifuniko kiwe cha bamba la chuma nene, lililofungwa kwa bolti, lenye kufunika sehemu kubwa ya jiwe na kuacha wazi pale unaponolea tu. Bati la paa halifai, linapasuliwa kama karatasi. Egemeo liwe karibu na jiwe, pengo lisizidi milimita tatu, na kadiri jiwe linavyolika ulisogeze. Pengo likiwa kubwa, chombo kinavutwa chini pamoja na kidole. Ukiwasha mara ya kwanza, simama kando dakika nzima. Noa kwa ukingo wa jiwe, si kwa ubavu wake, na usilitie aluminiamu wala shaba, kwa kuwa vinaziba matundu ya jiwe na kulichemsha.

Sasa umeme. Sisi wa Kisangani tunapata umeme wa maporomoko ya mto Tshopo, ambako kituo kilijengwa katika miaka ya 1950, na kila mwenye nyumba anajua kwamba umeme unaweza kuondoka bila kuaga na kurudi bila kubisha hodi. Basi fikiri. Unanoa jioni, umeme unakatika. Swichi yako ni ile ya ukutani ya kuwashia taa, na imebaki chini, kwenye kuwasha. Unangoja kidogo, unachoka, unaingia ndani kula. Saa tano usiku umeme unarudi. Mashine inaanza kuzunguka peke yake gizani, na asubuhi bado inazunguka, mtoto wa miaka mitatu ndiye wa kwanza kuamka.

Iko swichi ya kuzuia jambo hilo. Ina vitufe viwili, na ndani yake mna sumaku inayoshikwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika inaachia, na ukirudi mashine hainyanyuki mpaka mtu abonyeze kwa mkono wake. Kama fedha zinatosha kununua kitu kimoja tu zaidi ya sanduku, mimi ningenunua hiyo kabla ya jiwe la pili. Mpaka uipate, weka sheria nyumbani mwako: taa zikizimika, kazi ya kwanza ni kuchomoa waya wa mashine ukutani, ndipo utafute taa ya mkononi. Mama wa nyumba aijue sheria hii pia, naye awe na ruhusa ya kuchomoa bila kuuliza.

Waya wa kijani na manjano usiukate. Huo ndio unaopeleka umeme ardhini pindi unapovuja kwenye chuma cha mota, nawe huenda umesimama pekupeku juu ya udongo uliolowa mvua. Mota ya mashine ya kufulia mara nyingi ina kopo dogo la kuhifadhi umeme. Kopo hilo linaweza kukupiga hata waya ukiwa umechomolewa, basi usiliguse kwa vidole.

Kuhusu vumbi nitasema maneno mawili. Zamani mawe ya kunolea yalichongwa katika mwamba wa mchanga. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, wanoaji wa visu na uma walikufa vijana kwa mapafu, na mwaka 1843 mganga Calvert Holland aliandika kitabu juu ya magonjwa hayo. Ni ugonjwa ule ule wa silikosi tunaouogopa sisi katika vumbi la mwamba. Mawe ya dukani ya leo hayatengenezwi kwa mchanga huo, lakini wako mafundi wanaojifinyangia jiwe kwa saruji na mchanga ili kuokoa fedha. Jiwe hilo lina hatari mbili: linapasuka, na linarudisha vumbi la Sheffield. Kisu cha kukatia sombe hakihitaji mashine yoyote. Jiwe bapa na maji vinatosha, na maji hayo yanalilaza vumbi.

La pili ni ncha za kutobolea mwamba. Ncha ile ngumu iliyobandikwa mbele ya chuma si chuma cha kawaida, ni tangsteni na kobalti. Vumbi lake likivutwa siku kwa siku laweza kuleta pumu na kuyakausha mapafu. Ncha hizo zinolewe katika karakana ya kampuni tu, penye kifyonza vumbi. Usizilete nyumbani, hata kama msimamizi amekuambia ni chakavu.

Vaa miwani ya kufunika pande zote, si ya jua. Kikwembe, mikono mipana ya shati, nywele ndefu na glovu za kitambaa vikae mbali na jiwe linalozunguka. Chupa ya esansi isikae ndani ya chumba hicho. Watoto wanapenda kuja kutazama cheche; waambie watazame kutoka mlangoni, nyuma yako, au wasitazame.

Chembe ikiingia jichoni, usilisugue. Osha kwa maji safi mengi. Isipotoka, usiikokote kwa kijiti cha kiberiti, ulimi wa jirani wala sindano, na usitie maziwa ya mama wala maji ya majani. Chembe ya chuma inaanza kutoa kutu ndani ya jicho katika muda wa saa chache, na kutu hiyo inaacha doa juu ya kioo cha jicho. Njoo zahanati siku hiyo hiyo. Lakini ikiwa jiwe limepasuka, au kitu kimegonga jicho kwa nguvu, usioshe na usilibonyeze. Lifunike kwa kikombe kisafi kisichogusa jicho, ukibandike kwa plasta, na uende moja kwa moja hospitali kubwa penye mganga wa macho. Jicho lililotobolewa mara nyingine haliumi sana siku ya kwanza, na mtu anaona karibu kama kawaida, ndiyo maana wengi wanalala nalo. Usile kitu njiani, kwa sababu huenda mganga atataka kukulaza usingizi ili alishone. Mwambie ulikuwa unanoa kitu gani, kwa jiwe gani, na kama unakumbuka, ni lini ulipochomwa sindano ya pepopunda ya mwisho.